Sheria za Meza na Anayezilipia

Sijawahi kuketi kwenye meza ya mchezo wa kuigiza wahusika ambako sheria za kitabuni zinafuatwa zote tangu mwanzo hadi mwisho. Hata wanaojinadi kwamba wao hucheza kama ilivyoandikwa, ukikaa nao utakuta kuna vipengele wameviacha kimyakimya: hawahesabu mishale, hawapimi uzito wa mizigo, au dadu ikianguka sakafuni inarushwa upya. Hizo ndizo sheria za meza, yaani makubaliano ya kikundi yanayoongeza, yanayopunguza au yanayobadilisha alichoandika mchapishaji. Nimecheza chini ya nyingi, mara nikiwa mchezaji, mara nikiwa msimamizi, na kuna jambo moja limenikaa moyoni. Sheria ya meza huonekana nzuri usiku inapotungwa kwa sababu wote wamechangamka. Uzuri wake halisi hujulikana miezi kadhaa baadaye, ukishaona ni nani kati yenu amekuwa akiilipia.

Kwa ambaye hajawahi kucheza: msimamizi huueleza ulimwengu na viumbe wake, kila mchezaji hushika mhusika mmoja, na dadu huamua pale ambapo matokeo hayajulikani. Katika Dungeons & Dragons, mchezo niliocheza zaidi, dadu kuu ina pande 20. Ukitaka kumpiga adui unairusha, unajumlisha uwezo wa mhusika wako, unalinganisha na ulinzi wa adui. Mengine yote yamejengwa juu ya hapo, na ndiyo maana ukigusa jambo dogo kwenye dadu hiyo unagusa mambo mengi usiyoyaona.

Sina ugomvi na sheria za meza kwa jumla, na sidhani mtu anayeijua historia ya mchezo huu anaweza kuwa nao. Toleo la kwanza la Dungeons & Dragons, la Gary Gygax na Dave Arneson, lilitoka mwaka 1974 likiwa vijitabu vitatu vyembamba. Mengi hayakuelezwa, msomaji alidhaniwa kuwa tayari anazo sheria za vita vya sanamu ndogo zilizoitwa Chainmail. Kila kikundi kikajaza mapengo kivyake, na baadhi ya viraka hivyo vikageuka kuwa mchezo wenyewe. Chukua pigo la maradufu, ambalo leo kila mchezaji analijua: ukipata 20 kwenye dadu, madhara yanaongezeka. Halikuwemo katika vijitabu vya 1974. Mwaka uliofuata M.A.R. Barker alilichapisha katika mchezo wake, Empire of the Petal Throne. Gygax alilipinga waziwazi katika mwongozo wake wa wasimamizi wa mwaka 1979. Wachezaji hawakumsikiliza, waliendelea nalo mezani kwao, na toleo la tatu lilipotoka mwaka 2000, pigo hilo likawa sheria rasmi kwa wote. Kwa hiyo mtu akiniambia kitabu kisiguswe, huwa nauliza ni kitabu cha mwaka gani.

Hata hivyo, sheria iliyonifundisha zaidi ilikuwa mbaya.

Kikundi kimoja nilichojiunga nacho kilikuwa na jedwali la mikosi. Kitabu cha toleo la tano, la mwaka 2014, kinasema ukipata 1 kwenye shambulio umekosa, basi. Msimamizi wetu aliongeza yake: ukipata 1, unarusha tena na kusoma jedwali. Unaweza kuangusha silaha, kumjeruhi mwenzako aliye karibu, kuteleza na kulala chini, au upinde kukatika uzi. Wiki za mwanzo tulicheka mpaka machozi. Mtu alijikwaa akaangukia pipa la samaki, na kwa muda mrefu hakuitwa jina lake.

Mimi nilicheza mpiganaji wa upanga. Katika toleo lile mpiganaji hukua kwa kuongezewa mashambulio: anapofika ngazi ya 5 anapiga mara mbili kwa zamu, ngazi ya 11 mara tatu, na ngazi ya 20 mara nne. Usiku mmoja tulikuwa tukipigana na askari wa kibwengo juu ya daraja la kamba. Nikarusha dadu tatu kwa mpigo: 14, 17, 1. Jedwali likasema silaha imekuponyoka. Chini ya daraja kulikuwa na korongo, kwa hiyo upanga ukaenda. Ule haukuwa upanga wa kununua. Katika hadithi yetu ulifuliwa na mhunzi mzee tuliyemwokoa mwanawe, na nilikuwa nimeubeba tangu wahusika wetu walipokuwa hawana lolote. Zamu iliyofuata, mwenzangu aliyecheza mchawi akarusha mpira wa moto, askari watano wakateketea. Akanigeukia akasema kwa upole, "Kaka, mimi tangu tuketi usiku huu sijashika dadu ya shambulio hata mara moja."

Alikuwa amesema kweli, na maneno yale yalieleza tatizo zima. Mpira wa moto haumtaki mchawi arushe dadu ya pande 20. Maadui ndio wanaorusha kujinusuru. Sisi tuliotumia silaha tulikuwa tukiulipia utani wa meza nzima. Nilipokwenda nyumbani nikapiga hesabu. Mwanagenzi anayepiga mara moja ana uwezekano wa asilimia 5 kupatwa na mkosi katika zamu. Bingwa wa ngazi yangu, mwenye mapigo matatu, ana zaidi kidogo ya asilimia 14, yaani takriban zamu moja katika kila saba. Akifika ngazi ya 20 anapita asilimia 18. Kadiri unavyobobea kwenye upanga ndivyo unavyozidi kuuangusha! Hakuna aliyekusudia hivyo, na msimamizi alikuwa mtu mwema aliyependa watu wafurahi. Jedwali lake lilikuwa limegeuza ustadi kuwa adhabu, na kicheko kikatuzuia kuliona hilo.

Nilimwendea nikiwa na zile hesabu, tukazungumza faragha kabla ya wengine kufika. Jibu lake nililiheshimu: lile jedwali, alisema, ndilo linalowafanya watu wasimulie vita vyetu wiki nzima. Ni kweli, na kitu kinachowafanya watu wasimulie si kitu cha kutupwa. Tukakubaliana kwamba mkosi utahesabiwa kwenye shambulio la kwanza tu la zamu, ili bingwa na mwanagenzi wawe sawa, na kwamba mchezaji mwenyewe ndiye atakayeeleza kilichotokea, pasipo kupoteza mali wala kuumiza mwenzake. Kicheko kikabaki. Upanga wangu haukurudi, lakini msako wa kuutafuta korongoni ukawa mojawapo ya sehemu nzuri za kampeni ile, yaani ile hadithi ndefu tuliyoicheza usiku baada ya usiku.

Tangu hapo, sheria mpya ikipendekezwa swali langu la kwanza ni hili: nani mezani atarusha dadu hii mara nyingi zaidi? Pigo la maradufu ni mfano mzuri. Meza nyingi hulizidishia makali, kwa mfano kwa kutoa madhara ya juu kabisa ya silaha na kisha kurusha dadu juu yake. Wachezaji hushangilia. Lakini hesabu walio upande wa pili. Kibwengo anaishi zamu tatu kisha anakufa, wala hakuna atakayemkumbuka. Mhusika wako yuko kwenye kila pambano la kampeni nzima, akipigwa na kila kiumbe msimamizi anachokileta. Mkuki kwa nguruwe mtamu: pigo kali likiwa la kila mtu, atakayelionja mara nyingi zaidi ni yule anayekuwepo kila vita. Mhusika wa ngazi ya kwanza anaweza kufa kwa dadu moja kabla mwenyewe hajamzoea.

Kuna gharama nyingine iliyojificha zaidi, nayo ni sheria inayompa kila mtu kitu ambacho mmoja wenu alikilipia. Mwongozo wa wasimamizi wa 2014 wenyewe ulitoa kanuni ya hiari ya kumzingira adui: wawili wakisimama pande zinazokabiliana, kila mmoja anarusha dadu mbili na kuchukua iliyo kubwa. Tuliichukua kwa sababu ilituhimiza kusogea na kupanga vita. Ikiwa ulihitaji 11 au zaidi, nafasi yako ya kumpata adui ilikuwa asilimia 50. Sasa ni asilimia 75. Hilo ni ongezeko kubwa mno kwa malipo ya hatua mbili.

Aliyeumia ni mwenzetu aliyecheza mpiganaji wa hasira. Mhusika wa aina yake anao uwezo wa kujitupa vitani bila tahadhari: anapata zile dadu mbili, na kwa malipo yake maadui nao wanazipata dhidi yake. Ni biashara ya hatari, na ndiyo ladha ya kumcheza. Kanuni ya kuzingira ilipoingia, hatari ile haikuwa na maana tena, kwa kuwa kila mtu alipata bure alichokuwa akikinunua kwa damu. Na kwa kuwa faida ya aina hii haijumlishwi (dadu ni mbili tu hata ukiwa na sababu kumi), uwezo wake haukumwongezea chochote. Hakulalamika. Alianza tu kuwa mkimya wakati wa vita, akisubiri zamu yake kama anayesubiri foleni. Tulipotambua, tukabadilisha: kumzingira adui kunaongeza 2 kwenye dadu moja, kama ilivyokuwa katika toleo la tatu. Watu wakaendelea kusogea na kupanga, naye akapata tena sababu ya kujitupa.

Nisije nikaonekana nahesabu hasara tupu. Sheria ya meza ninayoipenda kuliko zote inahusu dawa ya uponyaji.

Katika kitabu cha 2014, kunywa dawa kunamaliza kitendo chako cha zamu. Dawa ya kawaida hurudisha dadu mbili za pande 4 kujumlisha 2, wastani wa pointi 7 za uhai. Zimwi la kawaida, wale wakubwa wenye rungu, likikupata hukuondolea wastani wa 13. Kwa hiyo unakunywa, hufanyi kingine, na zimwi likikupata unabaki umeumia zaidi ya ulivyokuwa kabla ya kunywa. Ndiyo maana kwenye meza nyingi nilizokalia, chupa za dawa zilikaa mikobani kampeni nzima, zikiandikwa kwenye karatasi za wahusika na kusahaulika. Tukaamua hivi: ukinywa dawa yako mwenyewe ni kitendo kidogo, ule upande wa zamu unaobaki baada ya kitendo kikuu, na unarusha dadu kama kawaida. Ukitumia kitendo kizima, unapata kiwango cha juu bila kurusha, yaani 10. Kumnywesha mwenzako aliyezimia bado kunataka kitendo kizima.

Mabadiliko yalionekana usiku uleule. Aliyekuwa akikimbia vita akiwa na pointi 4 alikunywa na kubaki. Kuhani wetu, ambaye kila zamu alikuwa akiombwa uponyaji mpaka akasahau kwamba anao uchawi mwingine, akapata nafasi ya kufanya mambo yake. Hapa swali langu lilitoa jibu jema: wanaoilipia sheria hii ni maadui, na msimamizi anaweza kuwaongeza akitaka. Meza nyingi duniani zilifikia uamuzi huohuo kila moja kivyake, mchezo wa kompyuta wa Baldur's Gate 3 ukautumia mwaka 2023, na sheria rasmi zilizosahihishwa mwaka 2024 zikaufanya kunywa dawa kuwa kitendo kidogo. Sioni ushahidi mzuri zaidi ya huu kwamba wachezaji wanaoona kitu kinakwaruza mara mia wanajua jambo ambalo mwandishi wa kitabu hakuliona.

Kufuta sheria nako ni kutunga sheria, jambo ambalo husahaulika. Meza ikiacha kupima mizigo, imempunguzia thamani mwenye nguvu, kwa sababu mojawapo ya faida za nguvu ilikuwa kubeba. Ikiacha kuhesabu chakula, anayejua kuwinda msituni hana kazi. Mimi mwenyewe siipendi hesabu ya mizigo na siirudishi, ila nikiwa msimamizi huhakikisha kuna milango ya kuvunja na mawe ya kusukuma, mwenye misuli asijione amechagua vibaya.

Mapumziko ni suala zito zaidi. Katika toleo la tano, mapumziko mafupi ni saa 1 na marefu ni saa 8. Mwongozo wa wasimamizi wa 2014 ulitoa njia ya hiari iliyo kali: mafupi yawe saa 8 na marefu siku 7. Tuliitumia katika kampeni ya safari ndefu, ambako vita vilikuja kimoja kwa siku, na ilifanya kila jeraha liwe na uzito. Tukaitumia pia, kwa mazoea tu, katika kampeni ya mahandaki yenye vita vitano mfululizo, na humo mchawi alibaki mikono mitupu kuanzia vita ya pili. Sheria ileile, watu walewale, hadithi tofauti. Sheria ya meza hufaa hadithi fulani, na hadithi ikibadilika inabidi iangaliwe upya, hata kama kila mtu ameizoea.

Hayo yote ni ya dadu, na ya dadu husahihishika. Yanayoacha kovu ni ya watu.

Niliwahi kuwa mezani ambako mwenzetu mmoja alicheza mhusika wa maneno matamu, mwenye uchawi wa kuwafanya viumbe wamwone rafiki. Alikuwa amechagua kila kitu kuelekea huko: hana silaha ya maana, hana ngao, ana ulimi tu. Usiku mmoja akamfanya rafiki jemadari ambaye msimamizi alikuwa amemtayarisha kwa wiki kadhaa awe adui mkuu. Msimamizi akanyamaza kidogo, kisha akatangaza kwamba kuanzia sasa uchawi wa aina hiyo hauwapati viumbe wenye akili nyingi. Kuanzia sasa, maana yake jemadari yule, zamu ileile. Sheria ilitamkwa kana kwamba ni ya wote, lakini kila aliyekuwepo alijua inamlenga nani. Mwenzetu alikuja mara chache baada ya hapo, akawa anarusha manati kutoka nyuma, kisha akaacha kuja.

Naielewa hofu ya msimamizi. Kazi ya wiki kadhaa kuyeyuka kwa uchawi mmoja inauma. Lakini uchawi ule una mipaka yake kitabuni: una muda wake, na ukiisha aliyerogwa anajua kwamba alirogwa. Jemadari mwenye hasira ya kufedheheshwa mbele ya askari wake angekuwa adui bora kuliko yule aliyetayarishwa. Na kama kweli uchawi ule ulikuwa ukiharibu mchezo kila wiki, palihitajika mazungumzo ya watu wawili nje ya mchezo, na ruhusa ya kumjenga upya mhusika. Msimamizi anayo mamlaka ya mwisho, hilo silipingi. Kwa sababu hiyohiyo hapaswi kuyatumia katikati ya vita dhidi ya mtu mmoja.

Zipo pia sheria za meza zisizogusa dadu kabisa, na hizo sizijadili sana kwa sababu kwangu zinakaa tu: mambo gani hayasimuliwi mezani hapa, nini kinapitwa bila maelezo. Baadhi ya vikundi huweka kadi yenye alama ya X katikati ya meza, wazo la John Stavropoulos. Yeyote akiigusa, tukio linarukwa na haulizwi kwa nini. Gharama yake ni sekunde chache za hadithi. Nimeona mtu akiigusa mara moja na usiku ukaendelea vizuri, naye wiki iliyofuata akarudi.

Ninapokuwa msimamizi, sheria zetu zinakaa kwenye karatasi moja, upande mmoja. Zikijaa, mpya haiingii mpaka nyingine itoke. Karatasi hiyo mgeni hupewa kabla hajamtengeneza mhusika, kwa sababu hakuna uonevu mdogomdogo unaoudhi kama kugundua kwenye mkutano wa tatu kwamba uwezo uliouchagua haufanyi kazi kwenye meza hii, na kila mtu alikuwa akijua isipokuwa wewe. Katikati ya vita hatubadilishi kitu. Tukikwama, msimamizi anaamua papo hapo kwa ajili ya usiku ule tu, na tunaijadili vizuri baadaye. Sheria mpya huingia kwa majaribio, na wa kwanza kuulizwa inaendeleaje ni yule ambaye tulidhani itamgharimu. Utaratibu huu unachosha kidogo. Kuna jioni tunatumia nusu saa kwa mambo ya karatasi na wengine wanataka kucheza. Nawaelewa, na bado sijapata njia fupi zaidi iliyo ya haki.

Sasa hivi hoja iliyopo mezani ni ya kurusha dadu za kufa na kupona. Mhusika akiishiwa pointi za uhai, kila zamu anarusha dadu: 10 au zaidi ni hatua ya kupona, chini ya hapo ni hatua ya kufa, na tatu za upande mmoja ndizo zinazoamua. Wawili kati yetu wanataka dadu hiyo irushwe kwa siri, aione mchezaji na msimamizi tu. Hoja yao ina nguvu: wote wakiona kwamba aliyeanguka bado ana nafasi mbili, wanamwacha hapo wakamalize vita kwanza, jambo ambalo hakuna rafiki wa kweli angelifanya. Anayepinga anasema ule wakati wa meza nzima kuinama kuangalia dadu moja ikizunguka ndio wakati mkubwa kuliko wote mchezoni, na siri itauua. Mimi naegemea upande wa siri, ila kidogo tu. Gharama itamwangukia kuhani, maana asiyejua mwenzake amebakiwa na nini hana budi kumkimbilia palepale, na zamu zake zitarudi kuwa za watu wengine, hali tuliyoiondoa kwa ile sheria ya dawa. Tumemuuliza. Amekubali tuijaribu mpaka wahusika watoke kwenye migodi walimo sasa, kwa sharti kwamba kila mmoja wetu abebe angalau chupa moja ya dawa kwa ajili ya mwenzake, na kwamba akisema imemchosha, inatoka bila kupigiwa kura.